Niigize kwenye runinga au niandike michezo ya jukwaani?

«Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwigizaji, nina miaka 28, naishi Dar es Salaam. Nimecheza tamthilia mbili za televisheni na watu wameanza kunijua mitaani. Pembeni nimeandika mchezo wa jukwaani: wanawake watatu wanakutana msibani kwa dereva wa lori, kila mmoja akijua kwamba mke ni yeye peke yake. Kisa kimetoka kwa mama yangu mzazi. Prodyuza wetu ameusoma na kuupenda, anataka kuununua aufanye filamu, ila jukwaani anasema nisihangaike, hakuna hela, mshika mbili moja humponyoka. Rafiki zangu nao wanasema nisubiri jina likue ndipo niandike. Nimesikia kuwa Danai Gurira, yule Okoye wa Black Panther, ni mwandishi wa michezo ya jukwaani. Yeye aliwezaje? Na nikiuandaa mchezo wangu, nicheze mwenyewe mke mkubwa? Nakutumia na kurasa za mwanzo.»

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza kuandika. Wanaoanza mchezo ni wengi, wanaoufikisha mwisho ni wachache. Swali lako kubwa ni kama mtu mmoja anaweza kubeba kazi hizi mbili. Liko na jingine umelitaja kama jambo la kupita tu, la prodyuza kutaka kuununua mchezo. Hilo ndilo lenye haraka, na nitalifikia. Kabla ya hapo tuwekane sawa kuhusu Danai Gurira, kwa sababu rafiki zako wanadhani jina hutangulia na kuandika hufuata, na kwake mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Gurira alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1978, wazazi wake wakiwa Wazimbabwe. Akiwa na miaka mitano hivi familia ikarudi Harare, akakulia huko. Alirudi Marekani kusoma saikolojia katika chuo cha Macalester, Minnesota, kisha akachukua shahada ya uzamili ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha New York. Huko alikutana na mwanafunzi mwenzake, Nikkole Salter. Kila mmoja alikuwa anaandika kivyake kuhusu wanawake weusi na UKIMWI, wakaamua kuunganisha kazi zao. Ndipo ukazaliwa In the Continuum, ulioonyeshwa New York mwaka 2005: mwanamke mmoja ni msoma habari Harare, mwingine ni binti wa Los Angeles, na wote wawili wanagundua kwamba wana virusi. Jukwaani walikuwa wao wawili tu, wakigeuka kuwa nesi, mganga, ndugu na rafiki, bila mwigizaji wa tatu. Mchezo huo uliwapatia Obie, tuzo ya michezo ya jukwaani ya New York, mwaka 2006.

Wakati huo nani alikuwa anamjua Danai Gurira? The Walking Dead, tamthilia ya televisheni ya Marekani ambako alicheza Michonne, aliingia mwaka 2012. Filamu ya Black Panther ilitoka 2018. Alipoanza kuonekana na panga lake la Michonne tayari alikuwa na michezo mitatu iliyokwisha kuonyeshwa kwenye majukwaa ya kulipwa: huo wa kwanza, kisha Eclipsed mwaka 2009, kisha The Convert mwanzoni mwa 2012. Aliandika kwa sababu wanawake wa Kiafrika aliotaka kuwaona jukwaani hawakuwepo kwenye maandishi ya watu wengine. Angesubiri jina, asingekuwa na cha kuandika jina hilo juu yake.

Rafiki zako hawajakosea kwa yote, lakini. Jina linafungua milango, na wakati mwingine linaweza kuwa jina la mtu mwingine. Eclipsed ulipochezwa chuoni Yale mwaka 2009, mmoja wa waigizaji wa akiba alikuwa mwanafunzi Mkenya, Lupita Nyong'o. Mwaka 2014 Lupita akashinda Oscar, na kazi nyingi zilikuwa mbele yake achague. Alichagua mchezo ule. Mwaka 2015 ukachezwa katika jumba la Public Theater, New York, na mwaka 2016 ukapanda Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, ukiwa mchezo wa kwanza pale ambao mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi. Ni miaka saba kati ya onyesho la kwanza na Broadway, na katika miaka hiyo mchezo ulikuwa umeshaandikwa, umeshachezwa na kurekebishwa. Jina lilipopatikana lilikuta kazi iko tayari. Kwa hiyo ukiniuliza uanze na nini, nitakwambia uandike sasa, hata kama jukwaa kubwa litachelewa.

Sasa hilo la mshika mbili. Prodyuza wako ana hoja. Huwezi kuwa lokesheni saa kumi na mbili asubuhi na kuwa mazoezini jioni kwa miezi sita mfululizo, mwili utakataa. Gurira hakufanya hivyo. The Walking Dead ilikuwa ikipigwa Georgia, kwa kawaida kuanzia kama Mei hadi Novemba, kila mwaka. Miezi iliyobaki ilikuwa yake. Na siku mchezo wake unapoonyeshwa, yeye hakuwa na lazima ya kuwepo, kwa sababu mwandishi akishakabidhi maandishi na kumaliza mazoezi, mchezo unatembea wenyewe. Mwanzoni mwa 2016 michezo yake miwili ilikuwa inachezwa New York kwa wakati mmoja, Eclipsed na Familiar, wala hakucheza katika hata mmoja.

Tamthilia zetu nyingi hazina msimu wenye kuanza na kuisha kama huo, zinapigwa mwaka mzima kadiri televisheni inavyohitaji vipande. Kwa hiyo ratiba hutaikuta, utaiomba. Muombe prodyuza ratiba ya upigaji kwa maandishi, na unapojadili mkataba mwingine uweke wiki zako za mapumziko humo humo. Watu wengi hujadili malipo ya kipindi kimoja kimoja na kusahau kujadili siku. Kazi ya televisheni usiiache. Jukwaa la Dar es Salaam halitakulipia kodi ya nyumba: onyesho la usiku mmoja au mbili Alliance Française au Nafasi Art Space likirudisha gharama za nauli na mavazi, mshukuru Mungu. Gurira alikuwa na majumba ya maonyesho yanayomlipa mwandishi kabla hajaandika, na fedha za tuzo za waandishi kama ya Whiting, aliyoipata 2012. Sisi mfumo huo hatuna, na anayekushauri umuige Gurira hatua kwa hatua bila kukwambia hilo anakupoteza.

Una mtaji mmoja ambao nadhani huujui. Uigizaji wetu wa runinga ulitoka kwenye vikundi vya maigizo, kama Kaole waliorushwa na ITV, ambako mwongozaji alieleza kisa na waigizaji wakatoa maneno vichwani mwao. Tabia hiyo ipo mpaka leo: unapewa mukhtasari wa onesho, unaambiwa «hapa mnagombana», kamera inawaka. Miaka yote hiyo ulikuwa unatunga mazungumzo, ila hakuna aliyekuandika kuwa mtunzi. Ndiyo maana wahusika wako wanaongea kama watu. Mke wa pili anaposema, «Mimi sikuja kugombania maiti, nimekuja kuchukua viatu vya mwanangu vilivyobaki kwenye lori,» hiyo ni sentensi ya mwandishi, na mtu hafundishwi darasani.

Lakini tabia hiyo ina gharama yake. Televisheni lazima imkumbushe mtazamaji aliyekosa kipande cha jana, kwa hiyo jambo moja husemwa mara tatu. Kwenye kurasa ulizonitumia tunaambiwa mara nne kwamba marehemu alikuwa na siri. Mtu aliyeketi ukumbini hajakosa kitu, hajatoka kwenda jikoni. Mwambie mara moja, tena nusu. Halafu angalia mahali: ndani ya kurasa kumi tumekuwa hospitali Chalinze, ndani ya lori Tunduma, dukani Kariakoo, ndipo tunafika msibani. Huo bado ni muswada wa filamu. Nadhani ndiyo sababu prodyuza ameupenda haraka namna hiyo.

Nikuonyeshe jinsi Gurira alivyolitatua tatizo linalofanana sana na lako. Eclipsed uko Liberia mwaka 2003, vita vikiwa vinaelekea ukingoni. Mwaka 2007 alikwenda Liberia akazungumza na wanawake waliopitia vita hivyo. Wanawake wa mchezo ni mateka wa kamanda mmoja wa waasi, amewafanya «wake», na wao wenyewe wanaitana kwa namba: Namba Moja, Namba Tatu. Kamanda haonekani jukwaani hata mara moja. Wanawake wako kibandani, wanasukana, wanabishana kuhusu wigi, wanasomeana kitabu kilichochakaa cha maisha ya Bill Clinton na kuamua kwamba Monica Lewinsky ndiye Namba Mbili wake. Ghafla wote wanasimama na kujipanga mstari, macho yakitazama nje ya jukwaa. Kuna mtu pale ambaye sisi hatumwoni. Anachagua. Mmoja anatoka. Baadaye anarudi, anachukua kitambaa, anajifuta, na mazungumzo ya kibandani yanaendelea.

Kamera ingetaka kutuonyesha kamanda, uso wake, bunduki yake, chumba chake. Angekuwa mtu mmoja, na tungemchukia yeye. Kwa kumwacha nje, Gurira ametulazimisha kumsoma katika migongo ya wanawake wale, jinsi inavyonyooka. Jukwaa lina nguvu hiyo: kilichofichwa kinafanya kazi, mradi waliopo mbele yetu wanakihofia, wanakitamani au wanakigombania. Kwenye filamu unaweza kumfuata mtu popote aendako. Jukwaani umefungwa mahali pamoja, na kule kufungwa ndiko kunakobana watu mpaka waseme wasichotaka kusema.

Kwa hiyo dereva wako asionekane. Anza msibani, na ubaki msibani. Nadhani mchezo wako wote umo ndani ya karatasi moja ambayo umeitaja ukurasa wa nane ukaiacha: wasifu wa marehemu. Msemaji wa familia anasubiri kuusoma mbele ya waombolezaji, na kuna mstari unaosema «ameacha mjane». Mjane yupi? Ni nani ameketi kwenye mkeka wa wafiwa, nani anapokea rambirambi na kushika daftari, nani amewekwa jikoni na wapishi kama jirani tu? Watu wetu wanaujua msiba kwa undani. Hutahitaji kuwaeleza kitu, watakuwa wanahesabu wenyewe nani amekaa wapi.

Je, ucheze mke mkubwa? Katika mchezo wake wa kwanza Gurira alicheza mwenyewe, kwa kuwa wao wawili ndio walikuwa mchezo mzima. Iliyofuata aliwaachia wengine, nami nakushauri ufanye hivyo angalau mwanzoni. Kazi ya mwandishi wakati wa mazoezi ni kusikiliza: mstari upi unaburura, wapi mwigizaji anajikwaa, wapi unahitaji kukata usiku ule ule na kuleta ukurasa mpya asubuhi. Kazi ya mwigizaji ni kumtetea mhusika wake kwa nguvu zote. Ukiwa ndani ya mke mkubwa hutakubali akatwe hata neno, hasa ikiwa ndani yake yumo mama yako. Upande wa pili upo pia, siufichi. Uso wako unauza tiketi, na mwigizaji wa kukulingana atataka kulipwa. Ikibidi ucheze, basi funga maandishi kabla mazoezi hayajaanza, na mtafute mwongozaji ambaye ana ubavu wa kukwambia hapana.

Tuje kwa prodyuza. Rafiki zangu wengi wamepoteza kazi zao hapa, na si kwa kuibiwa, bali kwa kusaini wakiwa na furaha. Kwenye filamu na televisheni, kawaida ni kwamba anayelipa ndiye anamiliki. Anaweza kubadilisha mwisho, kumwita mwandishi mwingine, kuifungia kabatini. Jukwaani utaratibu uliojengwa na waandishi wa Marekani kupitia chama chao ni tofauti: mchezo unabaki mali ya mwandishi, jumba la maonyesho linapewa ruhusa tu ya kuucheza, na neno halibadilishwi bila yeye kukubali. Ndiyo maana Eclipsed uliweza kuchezwa Yale, baadaye Public Theater, kisha Broadway, na bado ukawa wa Gurira.

Linganisha na jambo hili. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, Americanah, ingekuwa tamthilia ya HBO Max, Lupita akiwa nyota, Gurira akiwa mwandishi na kiongozi wa mradi. Mwaka uliofuata, korona ilipovuruga ratiba, Lupita akajitoa na mradi ukafa. Watu wawili wenye majina makubwa kiasi hicho, na bado skrini haikuwapa uhakika.

Nionavyo mimi, usimuuzie mchezo moja kwa moja. Mpe ruhusa ya filamu peke yake, kwa muda uliotajwa, na iandikwe kwamba asipoanza kupiga ndani ya muda huo haki zinarudi kwako bila masharti. Haki za jukwaa, uchapishaji na redio zibaki zako. Jina lako liandikwe kuwa mtunzi, kwenye filamu na kwenye matangazo. Akikataa yote hayo, umeshajua alitaka kununua nini. Kama una shida ya fedha kweli, ya ada au hospitali, kuuza si dhambi, na utaandika mingine. Lakini hapo bei iwe ya kuuza shamba, isiwe ya kukodisha.

Kwa sheria ya Tanzania, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika. Kuisajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro, kwa hiyo nenda kabla hujampa mtu mwingine nakala. Mkataba wenyewe mpelekee wakili, ana kwa ana, awe anajua mambo ya sanaa. Mimi nafundisha uandishi, si mwanasheria, na karatasi unayoletewa huenda ina kifungu ambacho ushauri wa barua hauwezi kukiona. Jua pia kwamba maonyesho ya jukwaani kwa umma yanaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, hivyo ulizia kibali Bodi ya Filamu mapema kabla hujalipia ukumbi.

Kuna mtu mmoja wa kuzungumza naye kabla ya wakili. Umeniambia kisa ni cha mama yako. Je, anajua? Usimsomee simu ikiwa mkononi. Nenda nyumbani, kaa naye, mweleze ni nini kimetoka kwake na nini umebuni. Kubadilisha mji na majina hakumfichi mtu kwa ndugu zake. Shangazi mmoja akikaa ukumbini, jioni ukoo mzima umejua. Huenda akakubali, huenda akakuomba uondoe jambo moja, na huenda jambo hilo ndilo uliloliona kuwa moyo wa mchezo. Hapo itabidi ubuni, na mara nyingi kinachobuniwa kwa heshima hiyo hutoka bora. Na kama bado wajane wale wana mvutano wa mirathi, usionyeshe chochote hadharani kabla wakili hajasoma.

Prodyuza akirudia kwamba jukwaa ni kupoteza muda, mkumbushe jambo moja. Mwaka 2024 Gurira alirudi kama Michonne katika The Walking Dead: The Ones Who Live, safari hii akiwa mmoja wa waliobuni tamthilia hiyo, na sehemu ya nne aliiandika mwenyewe. Sehemu hiyo kwa kiasi kikubwa ni watu wawili ndani ya nyumba moja, mume na mke, wakijaribu kurudishana. Anayejua jukwaa anatambua mara moja mkono ulioiandika. Televisheni ilimpa kiti cha mwandishi kwa sababu ya kazi aliyoifanya mbali na televisheni. Na kwa Kiswahili hutakuwa wa kwanza: Penina Muhando ameandika michezo ya kuigiza tangu miaka ya 1970, na imesomwa mashuleni.

Cha kuiga kwa Gurira kwa urahisi, bila fedha ya kigeni, ni usomaji. Mwaka 2011 alishiriki kuanzisha Almasi, taasisi ya sanaa huko Zimbabwe, na moja ya kazi zake ni kuwaandalia waandishi usomaji wa jukwaani: waigizaji wanaketi na maandishi mikononi, hakuna mavazi, hakuna taa, wasikilizaji wachache. Wewe una waigizaji wenzako wa lokesheni. Waombe watano, siku ambayo hakuna upigaji, wapikie pilau. Mke mkubwa asomwe na mwingine. Wewe kaa nyuma na penseli, usiwasahihishe, usiwaeleze kitu. Weka alama kila mahali mtu anapojigeuza kwenye kiti, na kila mahali ukumbi unaponyamaza. Kisha niletee nakala hiyo yenye alama. Natarajia itakuwa fupi kuliko hii, na Tunduma haimo. Mpaka usomaji huo upite, na mama na wakili wawe wamesema lao, mkataba wa prodyuza uache mezani bila sahihi.